Mradi na Ilimradi: Kujifunza kwa Vitendo katika Shule za Newala na Masasi

Neno mradi lina umri mkubwa katika lugha yetu kuliko miradi yote tunayoijua. Lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni nia, kusudi, jambo ambalo mtu amelikusudia moyoni kabla hajanyoosha mkono kulitenda. Mzee wa pwani aliposema kuwa mradi wake ni huu au ule, hakuwa akizungumza habari za kufuga kuku wala kuchimba kisima. Alikuwa akieleza alichokitaka. Kutoka shina hilohilo limechipuka neno jingine, ilimradi, ambalo katika mazungumzo ya kila siku limeshuka hadhi hata likawa jina la kazi isiyo na moyo: mtu amelima ilimradi amelima, mwanafunzi amejibu ilimradi amejibu. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Umbali uliopo kati yao ndio tunaotaka kuupima katika makala haya, maana ndio umbali uliopo kati ya mafunzo ya miradi kama yalivyoandikwa vitabuni na mafunzo hayo kama yalivyotendeka katika shule zetu.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Makote na vijiji jirani vya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, pamoja na Masasi iliyoko chini ya uwanda huo, penye vilima vya mawe. Huku neno mradi lina historia ya pekee. Uwanda wa Makonde una mchanga wa kina kirefu unaonyonya mvua yote inayonyesha. Maji hayatuami juu yake, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyatafuta na kuyapandisha kwa kichwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kuyapandisha kwa pampu na mabomba, na kuanzia miaka ya 1970 wakaja Wafini na mitambo yao. Kwa mwananchi wa hapa, basi, mradi ni kitu kinacholetwa na gari la serikali, kinachofunguliwa kwa hotuba, na ambacho siku pampu ikiharibika huwa si cha mtu. Mwalimu anayeingia darasani na kuwaambia watoto wa Makote kwamba leo wataanza mradi, yampasa ajue kuwa ametamka neno lililokwisha kujaa maana nyingine.

Wataalamu wa elimu wanapotafuta chanzo cha njia hii hutaja mwaka 1918, William Heard Kilpatrick wa Chuo cha Walimu cha Columbia, New York, alipochapisha makala yake juu ya njia ya mradi. Alikuwa mfuasi wa mwanafalsafa John Dewey. Jambo alilolitilia mkazo Kilpatrick halikuwa mikono ya mtoto bali kusudi lake. Mtoto anayeshona nguo kwa kuwa amelazimishwa hafanyi mradi, hata nguo hiyo ikitoka nzuri namna gani. Anayeshona kwa kuwa ameitaka, akaipima, akaikata na kuikosoa mwenyewe, huyo ndiye aliye katika mradi. Twaona hapa Mmarekani asiyejua Kiswahili akifika palepale walipokuwa wazee wa pwani. Njia hiyo ilisafiri mbali. Hata Urusi ya Kisovieti iliipokea kwa shangwe katika miaka ya 1920, kisha ikaipiga marufuku mwaka 1931, baada ya kuonekana kuwa vijana wanatoka shuleni na uzoefu wa kazi lakini hawana msingi imara wa hesabu na sayansi. Tunalitaja hili kwa sababu katika semina zetu husemwa mara nyingi kana kwamba kila lililo jipya kwetu ni jipya duniani kote.

Afrika Mashariki ilifikiwa na mawazo ya namna hiyo mwaka 1924, Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka nchi zetu ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake akiwamo James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Ushauri wa Tume ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifuatane na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijijini. Miaka michache baadaye, huko Malangali katika Iringa, Mwingereza W. B. Mumford alijaribu kuendesha shule ambamo wazee, ngoma na mila vilikuwa sehemu ya masomo. Jaribio hilo halikudumu. Ukiyasoma mawazo hayo peke yake, bila kujua yalitolewa na nani na yalimhusu nani, utayaona kuwa ya busara. Lakini yalitolewa katika nchi ambamo mtoto wa Mzungu na wa Mhindi walipewa vitabu, na mtoto wa Mwafrika akaambiwa kuwa jembe ndilo linalomfaa. Mwananchi alilielewa jambo hilo upesi kuliko Tume ilivyodhani.

Masasi ilikuwa na sababu zaidi ya kulielewa. Askofu Edward Steere aliwaleta huko watu walioachwa huru kutoka utumwani mwaka 1876, na tangu hapo kusoma na kuandika kulikuwa alama ya mtu huru. Aliyejua kusoma alikuwa mwalimu, karani, padri. Asiyejua alibeba mizigo. Hata baada ya Uhuru ngazi iliyoonekana ilikuwa ileile. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, kijiji cha Masasi, mwaka 1938. Akasoma Ndanda, akaenda mbele kwa vitabu mpaka Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mzazi wa Masasi anayemwona mwanawe akirudi kutoka shule na matope magotini badala ya mazoezi ya hesabu humkumbuka Mkapa, wala hamkumbuki Kilpatrick. Nasi hatuoni haya kusema kuwa mzazi huyo ana hoja. Shaka yake haitoki katika ujinga kama tunavyosikia ikielezwa. Inatoka katika kumbukumbu.

Mwaka 1967, mwezi Machi, kilitoka kijitabu cha Mwalimu Julius Nyerere, *Elimu ya Kujitegemea*. Kila mtu wa rika letu amelisikia jina hilo mara elfu, wengi wamelipigia makofi, ila waliokisoma mpaka ukurasa wa mwisho ni wachache. Walimu wa fasihi nao hawajakipa heshima ya kukichambua kama andiko, jambo ambalo ni hasara, kwani ni miongoni mwa maandiko yetu ya nathari yenye hoja iliyopangwa kwa makini. Mwandishi wake alikuwa mwalimu kabla hajawa mwanasiasa, na inaonekana: huuliza swali, hulijibu, hulirudia kwa mfano wa karibu zaidi. Anaanza na aibu ya wakati ule, kwamba ni kiasi cha asilimia 13 tu ya watoto waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, na hata hivyo masomo yote ya msingi yalipangwa kwa ajili ya hao wachache, huku walio wengi wakifundishwa kujiona kuwa wameshindwa.

Kisha anapendekeza kila shule iwe jumuiya yenye shamba au karakana yake. Msomaji ashike hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Kijitabu hakisemi tu kwamba wanafunzi walime. Kinataka tabia ya mbolea ielezwe katika somo la sayansi na mipaka yake ionekane shambani. Hifadhi ya udongo ifundishwe huku ikitendwa. Hesabu ya mapato na matumizi iwe hesabu ya kweli. Na wanafunzi washiriki katika kuamua nini kifanyike na faida itumikeje, ili matokeo ya uamuzi wao wayaone wenyewe. Kinataka pia mitihani ishushwe kutoka kiti chake cha enzi. Yaani kinataka shamba liwe swali.

Walakini andiko hili lina ufa, na mhakiki hafichi ufa kwa sababu ya kumpenda mwandishi. Shamba hilohilo linalotakiwa lifundishe linatakiwa pia lilishe na kuchangia gharama za shule. Mambo mawili hayo yaweza kwenda pamoja siku nyingi, lakini siku moja yatagongana. Tuseme wanafunzi wanataka kujua kama palizi ya pili inaongeza mavuno kweli au ni mazoea tu. Ili wajue, hapana budi waache sehemu moja ya shamba bila palizi hiyo, na wakubali kuwa sehemu hiyo huenda ikatoa kidogo. Elimu inadai sehemu hiyo iachwe. Mapato yanadai ipaliliwe. Nani atashinda? Kijitabu hakisemi, na pale andiko linaponyamaza, mwenye nyumba ya kulisha na bajeti ya kuziba ndiye anayeongea. Mapato yakashinda. Shamba lililokusudiwa kuwa swali likawa kibarua.

Historia ya korosho katika Kusini inaonyesha gharama ya ushindi huo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka huku kwetu. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Kuhamia vijijini, hasa kati ya 1973 na 1976, kuliwaacha watu mbali na mikorosho yao. Na ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ni kuvu unaopaka unga mweupe juu ya majani machanga na maua, ua likakauka kabla halijafunga tunda. Hapa ndipo palipokuwa na swali kubwa la uchumi wa nchi, likining'inia juu ya vichwa vya watoto kila asubuhi wapitapo chini ya mikorosho kwenda shule.

Sisi tuliosoma shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980 twakumbuka shamba la shule vizuri. Tulikwenda kwa zamu, jembe begani, darasa baada ya darasa; tulipalilia, tulizoa majani, tuliokota korosho na kuzibangua mabibo yake. Mwalimu wa zamu alisimama kivulini na fimbo. Hatukuambiwa bei. Hatukuambiwa magunia yalikuwa mangapi wala fedha zilikwenda wapi. Na unga ule mweupe tuliuona wote, tukaupangusa kwa vidole na kuchorana usoni, lakini hapana aliyetuuliza ni miti mingapi kati ya mia ilikuwa nao, wala kama ulianza upande wa bondeni au wa barabarani, wala kama mkorosho uliosimama peke yake uliugua kama ile iliyobanana. Maswali hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji daftari, kalamu, na mtu mzima anayetaka kujua. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, ndio waliokuja kuyashughulikia maswali ya namna hiyo, wakulima wakafundishwa kupuliza salfa, na katika miaka ya 1990 mavuno yakaanza kupanda tena. Msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000. Hatudai kwamba watoto wa darasa la sita wangeuzuia ugonjwa. Twasema kwamba waliinama juu ya somo hilo miaka saba na hawakufunuliwa ukurasa.

Ni haki kuwatetea walimu wa wakati ule, maana hukumu nyepesi dhidi yao imekuwa desturi. Elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa kwa mwaka 1977, watoto wakafurika, na walimu hawakuwako. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa waratibu, huku wakifundisha. Ukimpa kijana wa umri wa miaka 19 watoto 70, ubao mmoja na amri ya kulima, atalima. Kumtaka aongoze uchunguzi ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuongozwa ni kumtaka achote maji katika mtungi ambao hakuna aliyeujaza. Pale ambapo walimu walipewa msaada wa kweli, mambo yalikuwa tofauti. Wasomi huutaja mfano wa Kwamsisi, katika mkoa wa Tanga, ambako Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilishirikiana na shule na kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuyaunganisha masomo na maisha ya hapo. Kwamsisi moja haikuweza kuwa Kwamsisi elfu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililijua tatizo la mtihani, likataka kazi za kila siku na tabia ya mwanafunzi zihesabiwe pamoja na karatasi ya mwisho. Lakini mtihani wa taifa ni kama mto wa masika: ukiujengea tuta hapa, hupita pale. Nafasi za sekondari zilibaki chache, na mradi nafasi ni chache, mtu hutafuta kipimo kisichoweza kubishaniwa. Kilele cha jambo hili tulikiona mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba uliposahihishwa kwa mashine, mtoto akitia kivuli herufi moja kati ya kadhaa, hata katika hisabati. Mashine haioni njia. Huona kivuli tu. Baada ya hapo, mwalimu mwenye akili timamu angefundisha nini?

Wako wenzetu katika fani ya utamaduni wanaosema kuwa mafunzo ya miradi si mageni kwetu hata kidogo, kwamba ndiyo elimu yetu ya jadi, na kwamba jando na unyago vilikuwa shule za vitendo kabla ya Kilpatrick kuzaliwa. Hoja hii hupendwa sana katika mikutano, nasi tunaikubali nusu. Ni kweli kwamba kumbi lilikuwa shule, na shule yenye nguvu, hata Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakuona njia ya kulifuta. Alilipa sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Ni kweli pia kwamba hapo mtoto hujifunza kwa mwili wake wote. Walakini, bila kuvunja miiko kwa kueleza yasiyoelezwa, kila aliyepita anajua kwamba fumbo la jando lina jibu moja, na jibu hilo liko kwa nyakanga. Mwari haulizi kwa nini. Mwari anayebuni jibu lake mwenyewe hasifiwi kwa ubunifu. Lengo la jando ni kumtia kijana katika jamii iliyokwisha kuwapo, nalo ni lengo tukufu, lakini si lengo la uchunguzi. Tukisema ukweli, kwa namna ya kuuliza na kujibu, jando linafanana zaidi na mtihani wa darasa la saba kuliko linavyofanana na mradi. Na huenda ndiyo sababu ule mtihani tuliupokea kwa urahisi, tukauzunguka kwa hofu na heshima zilezile.

Jadi ambayo kweli inaweza kutufundisha iko mahali pengine: kwenye kivuli cha mchongaji. Kijana wa Kimakonde anayejifunza kuchonga huanza kwa kupiga msasa kazi za wakubwa. Siku nyingi hafanyi zaidi ya hapo, na siku hizo si za bure, kwa sababu mkono unaopiga msasa unajifunza umbo. Kisha hupewa kipande cha mpingo, aghalabu kile chenye kasoro ambacho fundi hakutaka, na hapo haambiwi achonge nini. Hukizungusha. Hutazama ulipopinda, ulipooza, ulipo na jicho. Kusudi lake na mti huo hujadiliana, na kitakachotoka hakijulikani mapema. Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, alipoanza kuchonga zile sura tunazoziita mashetani, hakuwa na kielelezo cha kunakili. Hata hivyo alikuwa na ufundi wote wa waliomtangulia ndani ya viganja vyake. Hili ndilo jambo wanaoshabikia miradi hulisahau, na ambalo Warusi walilikumbuka kwa ukali wa kupita kiasi mwaka 1931. Uhuru wa mchongaji umesimama juu ya msasa mwingi. Mwanafunzi asiyejua kugawanya hawezi kufanya mradi wa mapato na matumizi, na kumwacha "agundue" kugawanya ni kumdhulumu.

Ila mchongaji ana wanafunzi watatu, wala hakatizwi na kengele kila dakika 40.

Basi tuje kwenye hali ya sasa. Tangu 2005 mtaala wa sekondari umesema kwamba lengo ni umahiri wa mwanafunzi na si wingi wa mambo aliyoyakariri. Mwaka 2023 Sera ya Elimu ilitolewa upya na mitaala ikabadilishwa, na Januari 2024 utekelezaji ukaanza, pamoja na mkondo wa amali kwa kidato cha kwanza katika shule zilizoteuliwa. Maandiko hayo ni mazuri. Tumeyasoma, na yana sauti ya 1967 ndani yake, ingawa hayaikiri kila mara. Kinachotutia wasiwasi ni kuona mambo yaleyale matatu yakisubiri mlangoni: wingi, mtihani, na lugha.

Juu ya wingi hatuna haja ya kusema mengi. Serikali imejiwekea kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika msingi; kila mwalimu anayesoma kurasa hizi anaijua hesabu ya darasa lake mwenyewe.

Juu ya lugha yafaa tukae kidogo, maana hapa Makote tatizo hili ni la ngazi tatu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaambiwa achunguze jinsi mababu walivyohifadhi mbegu. Anakwenda kwa bibi yake, na bibi anamweleza kwa Kimakonde, maana majina ya mbegu, ya wadudu na ya majivu ya kuhifadhia yako katika Kimakonde. Kijana anayafikiri hayo kwa Kiswahili njiani akirudi. Kisha analazimika kuyaandika kwa Kiingereza, ambacho kimebaki lugha ya kufundishia ya sekondari, naye amefundishwa kwa lugha hiyo mwaka mmoja na nusu. Kinachofika mezani kwa mwalimu ni sentensi nne zilizovunjika, na wino mwekundu unaangukia vitenzi. Maarifa ya bibi yamepotelea njiani mara mbili. Katika mtihani wa kuchagua jibu, udhaifu wa lugha waweza kufichika. Katika mradi, ambao wote ni kueleza, haufichiki. Kwa hiyo anayesema tufanye miradi na hasemi neno juu ya lugha, amemwambia mtoto achonge akiwa amefungwa mikono.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika baadhi ya mateso haya, na si aibu kujifunza kwa jirani. Mfumo wao wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliingiza masomo mengi ya mikono, na mzigo wa vifaa ukawaangukia wazazi. Walipoanzisha mtaala wa umilisi mwaka 2017, kilio kilikuwa kilekile: karatasi za manila, gundi, rangi, na mzazi akikesha usiku kutengeneza kitu ambacho mtoto atakibeba asubuhi kama kazi yake. Huo ni mradi wa duka. Mtoto wa mwenye duka atapata alama. Mtoto wa Makote atapata lawama. Yafaa tukubaliane mapema kwamba mradi unaohitaji kununuliwa si mradi wa shule ya umma, na walimu wetu wawe na ujasiri wa kuukataa hata ukitoka juu.

Uwanda huu hauna upungufu wa maswali yasiyonunuliwa. Chukua maji, ambayo tulianza nayo. Paa la darasa moja lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 lina mita za mraba 63. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 kwa siku moja hulipa paa hilo lita 630, yaani ndoo za lita 20 zipatazo 31 na nusu. Kidato cha pili wanaweza kuipima mvua kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula, msimu mzima, kuanzia Novemba au Desemba mpaka mvua zikatike. Tuseme wamepata jumla ya milimita 900. Paa moja limepokea karibu lita 56,700. Shule ina wanafunzi 400, na kila mmoja akitumia lita moja tu kwa siku, siku 100 za masomo za kiangazi zitadai lita 40,000. Wanagundua, bila kuambiwa na mtu, kwamba mvua inatosha. Wanagundua pia kwamba matangi ya kuihifadhi, yakiwa ya lita 5,000, yatahitajika manane, na kwamba bei ya matangi hayo pamoja na mlizamu wa bati imezidi fedha zote ambazo shule inaweza kuzipata. Wanaandika hivyo. Wanaongeza, kama ni vijana wenye macho, kuwa paa la mashariki limetoboka na kwamba karibu robo ya maji yake hayafiki ukingoni.

Kazi yao imekwisha, na hakuna tangi. Hakuna kitu cha kuonyesha siku ya wazazi, hakuna mgeni rasmi wa kukata utepe, hakuna mapato ya kuandika katika taarifa ya robo mwaka. Kuna kurasa sita za hesabu na jawabu lisilompendeza mwalimu mkuu. Mwalimu wa somo ataishika fomu yake ya alama, na yote tuliyoyasema tangu mwanzo yatategemea nafasi zilizochapwa humo: kama ipo moja ya kitu kilichotengenezwa na haipo ya jambo lililojulikana, vijana hao watapata alama ndogo kuliko wenzao wa darasa la pili, waliofyeka nyasi za uwanja wa mpira kwa siku mbili na kuuita usafi huo mradi wa mazingira.